Nyumba Iliyoandikwa Mbovu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Bibi Mwaisha huweka kiganja kwenye mwimo wa mlango na kusema maneno matano: "Ndefu. Pana. Nyoofu. Kavu. Imara." Huyasema taratibu, kama mtu anayetaja majina ya wanawe asije akamsahau mmoja. Kisha huinama, maana mlango wenyewe ni mfupi, akatoka kutafuta kuni.

Nyumba anayoishi sasa, pembeni mwa mji wa Morogoro, si ndefu wala si pana. Ukuta wa nyuma umeegemezwa gogo, na masika yakianza huweka sufuria tatu sakafuni. Watoto wa jirani humwita Bibi Ndefu-Pana, naye huwatupia maganda ya ndizi. Maneno yale si ya nyumba hii. Ni ya nyumba iliyovunjwa zamani, mwaka ambao reli ya Wajerumani ilikuwa ikitoka Ngerengere kuja Morogoro, naye akiwa msichana wa miaka kumi na saba hivi.

Nyumba ile aliijenga baba yake, Kibwana, kwa muda wa viangazi viwili. Nguzo alizitoa mlimani yeye mwenyewe, mojamoja, akizivingirisha pale asipoweza kuzibeba. Alizichagua kwa kuzigonga kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Kuta zilikandikwa mara tatu, na mara ya tatu mama yake Mwaisha, Hidaya, alizipigapiga kwa mkono uliolowa mpaka zikawa laini. Hata jua kali likiwaka nje, ndani kulikuwa na baridi ya mtungini. Kibwana alikufa mwaka uliofuata. Hidaya naye akapooza miguu, akabaki kitandani karibu na dirisha, na nyumba ile ikawa ndiyo mume wake na ndiyo miguu yake.

Siku moja wakaja wapima njia ya reli. Mzungu aliketi mbali, kwenye kiti cha turubai, mguu juu ya sanduku. Aliyepita nyumba kwa nyumba alikuwa karani wake, Salum, mtu wa pwani mwenye kanzu safi na kitabu kikubwa. Swali lake lilikuwa moja: nyumba hii ikoje? Alikatazwa kueleza sababu. Sababu ilikuwa kwamba nyumba zote zitaondolewa, lakini zile zitakazoandikwa nzuri zitafunguliwa nguzo kwa nguzo, zichukuliwe na vibarua na kusimamishwa upya kwenye kiwanja kingine. Zitakazoandikwa mbovu zitavunjwa tu, na mwenyewe ajijue.

Alianza na Yunusi, mchuuzi wa tumbaku, ambaye nyumba yake ilikuwa imelalia upande mmoja kama mlevi.

"Hii?" Yunusi akasema, akipiga ukuta kofi. "Bwana karani, hii ni boma! Tembo akiegemea hapa, ataumia yeye!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Yunusi, hata mbuzi akijikuna hapo, paa linashuka!"

"Wivu wenu. Andika, bwana. Andika imara."

Salum akaandika imara. Wazee wakatikisa vichwa kwa aibu, maana mtu aliyelelewa hasifu chake mbele ya mgeni. Kusifu chako ni kujivuna, na tena ni kuita husuda.

Akafika kwa Mwaisha. Msichana akatandika mkeka kizingitini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bwana karani. Karibu kibandani."

"Marahaba. Nyumba hii ikoje?"

"Mbovu tu, bwana. Tumejihifadhi."

Salum hakuandika. Alizitazama nguzo, akainua macho mpaka kwenye boriti, akagusa ukuta kwa vidole viwili. Alijua adabu ile. Hata kwao pwani mwenye nyumba nzuri humwambia mgeni karibu kibandani. Akashusha sauti.

"Dada, nakuuliza tena. Mbovu kweli? Mimi naandika utakachosema wewe."

Wazee walikuwa wamesimama pale pale, wakimtazama binti wa Kibwana. Ndani, mama yake alikohoa. Mwaisha anasema kwamba maneno yalimjia yote, moja baada ya jingine, yakafika mpaka kwenye meno. Lakini Yunusi alikuwa bado anachekwa nyuma yake.

"Mbovu, bwana," akasema. "Hata mvua inaingia."

"Binti wa watu huyu," mzee mmoja akasema kwa kuridhika.

Mzungu akapiga kelele kutoka kitini kwake. Salum akaandika, akaenda nyumba iliyofuata.

Baada ya wiki mbili vibarua wakaja. Nyumba ya Yunusi ilifunguliwa kwa uangalifu, na kila ufito ukafungwa kamba na kubebwa. Walipofika kwa Mwaisha walimtoa Hidaya na kitanda chake, wakamweka juani, wakaanza kuvunja. Waliivunja siku nzima, na kesho yake mpaka adhuhuri. Mashoka mawili yalikatika mipini.

"Mbovu gani hii?" kibarua mmoja akalalamika, akifuta jasho.

"Kitabu kimesema mbovu," msimamizi akamjibu. "Piga."

Hidaya alikuwa akisikia kila pigo. Hakumuuliza mwanawe chochote, si siku ile wala baadaye. Nguzo za Kibwana zilikatwakatwa, zikawa kuni za kambi ya reli.

Mwaisha alitembea kwa miguu mpaka Morogoro kumtafuta Salum. Askari wa mlango wa ofisi ya reli alimcheka. "Karani yule? Amekwenda mbele Kilosa, na kitabu chake. Wewe una reli yako umfuate?" Akarudi. Masika yaliwakuta mama na mwana kwenye kibanda cha majani ya migomba, na mvua iliingia kweli. Hidaya hakuufikisha mwezi.

Mwaisha aliolewa, akaachika, akazika watoto wawili. Amekaa katika nyumba nyingi, zote za watu. Hakujenga. Alianza kuyasema maneno yale asubuhi ya kwanza baada ya mazishi, ili siku akiulizwa tena yasimkwamie. Sasa ana zaidi ya miaka themanini, na hakuna aliyemuuliza.

Mimi nilifika kwake kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo anayekusanya habari za zamani; niliyaacha maswali ya chuo mfukoni, nikamsikiliza siku tatu. Siku ya mwisho nilimuuliza swali moja.

"Bibi, akija mtu leo na kitabu, akakuuliza nyumba yako ikoje, utamjibu nini?"

Alikuwa anamenya ndizi. Hakusita.

"Nitamwambia karibu kibandani, bwana. Kibovu, lakini karibu."