Balbu ya Vifaranga

Nilijua mambo yameharibika kabla sijafungua mlango wa kijumba cha kuku. Kelele zilikuwa nyingi mno. Kifaranga aliyeshiba joto hulia kidogo, akala, akalala. Hawa walikuwa wakipiga mayowe.

Ilikuwa Julai, na kwetu Kasikeu Julai haina mchezo. Ni manyunyu na ukungu, na upepo unaopenya chini ya mabati. Nilikuwa nimeuza mbuzi wangu wa pekee, nikaenda hadi Kwa Vonza kuchukua vifaranga wa siku moja. Niliwazungushia maboksi wasijibane kwenye pembe, nikawaning'inizia balbu ya zamani, ile ya waya inayochoma vidole. Wafugaji wengi huku hufanya hivyo. Hawa wakifa, sikuwa na mbuzi mwingine wa kuuza.

Niliposukuma mlango, ndani kulikuwa na mwanga mweupe kama wa duka la simu. Vifaranga walikuwa wamepandana, kila mmoja akijichimbia chini ya mwenzake. Nikaifumbata ile balbu kwa kiganja kizima na sikuhisi joto lolote.

Mume wangu akatokea jikoni akitabasamu. Tokeni za stima, jinsi zinavyoisha haraka, zilikuwa zimemkera tangu mvua ya masika iishe. Siku hiyo, nilipokuwa nimeenda kuchota maji, alikuwa amebadilisha balbu zote za boma.

"Mama watoto, umeona? Hizi energy saver ni kali sana! Hata kwa kuku nimekuwekea moja."

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Zote nimetupa choo. Nilijua ukizipata utazirudisha."

Nilimjibu kwa Kikamba, na maneno yale sitayaandika hapa. Kisha nikakimbia dukani, leso ikiniponyoka kiunoni. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyetoka kaskazini zamani, alipekua rafu zote mbili ili tu nisimlilie pale.

"Pole, mama. Zile za moto hatuleti tena. Watu wote wanataka hizi za kusave stima."

Nilirudi na mikono mitupu. Makaa yalikuwa yamenyeshewa, jiko likitoa moshi tu, na moshi huua vifaranga kama baridi. Nikabandika maji kwenye gesi nipate ya kujaza jerikeni. Huku yakichemka nilipiga magoti na kuanza kuwatenganisha. Wa juu walikuwa wakitetemeka. Wa chini kabisa shingo zililegea mkononi mwangu. Nililia waziwazi, kwa hasira na kwa uchungu, na sikujali kama mume wangu anaona.

Aliona. Akavua koti, akafungua vifungo vya shati, akakaa sakafuni penye kinyesi na suruali yake ya kanisani.

"Lete," akasema.

Nikampa wa kwanza, akamweka kifuani kwenye ngozi. Nikampa wa pili. Wengine niliwapanga kwenye kiondo, nikiwaegemeza kwenye jerikeni ya maji moto iliyofungwa sweta. Polepole mayowe yalipungua. Wale waliokufa niliwaweka kando, nikawafunika na gunia.

Alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama shati lake likicheza.

"Mimi nilidhani ni ya kuwaangazia tu," akasema. "Si ungeniambia?"

"Si ungeniuliza?" nikamjibu, na nikampa mwingine amshike.