Mwanamke Aliyeongea Kwenye Spika Siku ya Koito Yangu

Hii aibu nimeibeba miaka mingi, na kama mke wangu angekuwa hapa angenikatiza aisimulie yeye (anaisimulia vizuri kuliko mimi, na chumvi anaongeza), kwa hivyo wacha niwaambie haraka kabla hajarudi kutoka kukamua.

Wakati huo nilikuwa kijana wa Boito, asubuhi nachuna majani chai kwa shamba ya baba, jioni nakaa na rafiki yangu Kiprono nyuma ya kituo cha kuuzia majani, ukungu unapanda kutoka bondeni, simu mkononi, tunabishana juu ya mechi za Ulaya kama watu wamewahi kufika huko. Nikikumbuka hizo jioni bado nasikia raha. Hatukuwa na kitu, lakini tulicheka mpaka karani anatufukuza.

Na tulikuwa tunabeti. Kidogo kidogo, lakini kila wikendi. Shida yangu ilikuwa Chepkoech, msichana wa Mulot ambaye nilitaka kuoa, na ambaye hakutaka hata kusikia neno beti. Alijua namba yangu ya siri, na meseji zangu alizisoma kama Biblia, na pesa ya simu mnaijua, ukiweka inaandika, ukitoa inaandika.

"Tafuta hizi pochi za mtandao," Kiprono akaniambia. "Unaweka pesa huko, ukishinda unalipwa huko. Hakuna meseji."

Basi nikachagua, jamani, nikachagua kama mtu ananunua ng'ombe wa maziwa. Moja makato yake yalikuwa madogo lakini ukishinda unangoja siku kadhaa. Ingine ilitaka picha ya kitambulisho na ya uso wangu (nikaogopa, uso wangu unapelekwa wapi?). Ya tatu ilileta ushindi mechi ikiisha tu, na badala ya kuandika ilikuwa inaongea, sauti ya mwanamke, Kiswahili cha pwani, laini kama siagi. Kiprono akasema nizime hiyo sauti. Nikamwambia wacha, inanipa moyo. Hapo ndipo nilipopotea.

Koito yetu ikafika. Kwa wale si wa kwetu, koito ndiyo siku familia ya kijana inaenda kwa kina msichana kuongea mambo ya ndoa. Tukaenda Mulot Jumamosi tumevaa suti, baba mdogo akiwa msemaji wetu, na sebule ya wakwe ilikuwa imejaa, viti vyote vimewekwa vitambaa vyeupe, mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, inamiminwa, wazee wamekaa wametulia. Ndugu ya Chepkoech alikuwa ameleta spika kubwa, lakini simu yake ikazima. Akauliza nani ako na nyimbo za injili.

Mimi huyo! Nikainua mkono kama mtoto wa shule, maana nilitaka wakwe waone mimi ni mtu wa nyimbo za Mungu. Simu yangu ikaunganishwa na spika kwa blutuu. Kwamba nilikuwa nimeweka mkeka wa beti asubuhi, na mechi ilikuwa karibu kuisha, hiyo haikuwa kichwani hata kidogo.

Baba ya Chepkoech akaanza maswali, polepole, macho kwangu.

"Huyu kijana anakunywa?"

"Hapana," baba mdogo akasema.

"Ako na mwanamke mwingine?"

Baba mdogo akacheka kabisa. "Huyu? Huyu hata kuangalia msichana hajui!"

Wimbo ukashuka. Spika ikasema, "Hongera, mpenzi..." halafu blutuu ikakwaruza, ikapotea, ikarudi. "...zimefika salama. Karibu tena." Na wimbo ukaendelea kama hakuna kitu kimetokea.

Chepkoech alikuwa ndiyo anaingia na sinia ya chai. Akasimama mlangoni.

"Mpenzi nani?" shangazi yake akauliza.

"Hiyo ni redio," baba mdogo akajaribu.

"Redio gani inasema karibu tena?" baba ya Chepkoech akauliza.

Nikamwangalia Chepkoech nikaona machozi yanakuja, na nikajua nikinyamaza nimempoteza. Nikasimama. "Baba, huyo si mwanamke. Ni mashine."

"Mashine inakuita mpenzi?"

"Inaita kila mtu hivyo." (Hiyo iliharibu zaidi.)

Basi, kwa akili ya mtu anayezama, nikachukua simu, nikaweka kitu kidogo kwa akaunti ya beti hapo hapo, mbele ya wakwe, Biblia iko mezani, ndiyo wasikie yote kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na ile blutuu ya kusumbua, safari hii ikashika vizuri kabisa.

"Hongera, mpenzi mteja! Pesa zako zimefika salama kwenye akaunti yako ya michezo ya kubahatisha. Cheza tena, bahati ni yako!"

Baba mdogo akaangalia viatu vyake.

Mzee akavua kofia, akaiweka kwa goti. "Afadhali angekuwa mwanamke," akasema. "Mwanamke tungeuliza kwao ni wapi, tukaongea na watu wake. Sasa hii yako, kijana, kwao ni wapi?"

Hakuna ng'ombe wa mahari alitajwa siku hiyo. Walitulisha kwa heshima, tukala, tukaaga. Chepkoech akanisindikiza mpaka geti, na hakupiga kelele, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

"Uliogopa nisome mimi peke yangu," akasema, "sasa umesomea ukoo mzima."

Nilifunga hiyo akaunti nimeegemea geti, yeye akiangalia.

Mvua za masika zilipoisha nikarudi kwa mzee peke yangu. Hakunikaribisha ndani. Alinipatia shoka nipasue kuni, yeye amekaa pembeni ananiongelesha habari za ngano na bei ya ndama mpaka jua likaanza kushuka, halafu akauliza kama mtu anauliza habari ya mvua, "Yule dada, bado anakuita?"

"Hapana, baba. Nilimfunga."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya boma. Koito ya pili ilifanyika, na shangazi alisimama mlangoni na kikapu, kila mtu anaingia anaacha simu, hata pastor.

Mzee ametuacha sasa. Miaka yote aliyobaki nayo, nikifika Mulot alikuwa ananiita "mpenzi mteja" mbele ya wageni, na mimi nilikuwa naona aibu, nakasirika kidogo, najifanya sijasikia. Leo ningetembea kwa miguu kutoka Boito nikaitwe hivyo mara moja tu.

Sijabeti tena, na sitabeti. Lakini vijana wa hapa wananiuliza, kwa sababu wamesikia mimi nilikuwa mjuzi, njia gani ni nzuri ya kuweka na kutoa pesa za beti. Nawaambia tafuta ile unaweza kutumia ukiwa umekaa bega kwa bega na baba mkwe wako, na sauti imefunguliwa. Mpaka leo hakuna mmoja amerudi kuniambia ameipata.