Kichwa cha Gari Ndani ya Buibui la Shangazi

Nilitoka Likoni kwenda Changamwe kwa sababu ya kaka yangu Salimu, ambaye ni mwizi. Hakuiba mali ya jirani. Aliiba yangu, tena huku anacheka.

Salimu alikuwa na kazi ya kufuta magari ya moshi kule Changamwe, na kila alipokuja nyumbani alituletea habari za reli ndogo. Wafanyakazi wa reli, watu wazima wenye ndevu na wake, walikuwa wametandika reli ya kuchezea nyuma ya nyumba zao. Jumapili, siku waliyopewa ya kupumzika na magari ya moshi, walipumzika kwa kuendesha magari mengine ya moshi, ya makopo. Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi na makopo ya nyama ya askari yalijaa kila jaa, kwa hiyo hawakupungukiwa na kitu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikabaki nyumbani kusaidia shambani. Kusema mbele za watu siwezi, midomo hunikauka. Lakini mikono yangu haina haya. Niliazima mkasi wa bati, nikakata makopo, nikatoa ule utepe wa chuma unaozungusha santuri, kwa kuwa santuri ya marehemu babu ilikuwa imekufa kabla yake. Magurudumu niliyafanya kwa vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, maana vina ukingo wa kushika reli. Nikapata kichwa cha gari, yaani ile mashine ya mbele inayovuta mabehewa. Kilipotembea sakafuni mara ya kwanza, kuku walitawanyika na mama akasema astaghfirullah. Salimu alikifunga katika shuka, akaenda nacho Changamwe.

Aliporudi alikuwa na filimbi shingoni.

"Wamenitunuku," akasema. "Kichwa changu kimevuta mabehewa yote na hakikuanguka."

"Kichwa chako?"

"Ulitaka niseme nini, Mwanasha? Niseme nimetengenezewa na dada yangu? Pale mwanamke hakanyagi. Wanasema akivuka reli, gari linaanguka."

Siku ile ile nikaanza kutengeneza cha pili. Nilitaka jambo moja tu: kichwa hiki kitembee juu ya reli yao, na kila mtu pale ajue kwamba dereva wake ni mimi.

Niliyemwambia siri hiyo ni shangazi Mishi, dada yake baba. Shangazi ni mjane, anatafuna tambuu, na hajamwogopa mwanamume yeyote tangu alipomzika mumewe, na hata huyo hakumwogopa.

"Ukifika utawaambia nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi kusema ni kwangu, kuendesha ni kwako."

Likoni, Jumapili asubuhi. Baba aliambiwa kwamba tunakwenda Chaani kumtazama mgonjwa. Nilikitia kichwa ufunguo mpaka mwisho, nikakizuia kwa kipande cha waya, kiwe tayari. Taabu ilikuwa namna ya kukibeba. Kilikuwa na ukubwa wa paka aliyelala. Kikapuni kingepondwa na mizigo ya watu, na mkononi kila mtu angeuliza. Shangazi akakifunga tumboni kwa kanga, akavaa buibui juu yake, akajitazama.

"Nimerudia ujana," akasema.

Kivukoni kulijaa watu wa sokoni, mbuzi na vikapu vya mihogo. Mtu mmoja akapaza sauti, "Jamani, mpisheni mama mja mzito!" Watu wakatupisha. Uso wa shangazi ulikuwa umefunikwa, kwa hiyo hakuna aliyeona mvi wala mikunjo. Waliona tumbo tu, nalo lilikuwa la kupendeza. Tukapewa nafasi ya kukaa karibu na bibi mmoja aliyebeba kuku.

Katikati ya maji, chombo kikayumba, na ule waya wangu ukachomoka. Tumbo la shangazi likalia: krrrrrr.

Bibi wa kuku akageuka. "Nini hiyo?"

"Anajigeuza," akajibu shangazi.

"Kwa sauti hiyo?"

"Ndivyo alivyo tangu mwezi wa sita. Mimi mwenyewe sipati usingizi."

Bibi yule, kwa huruma, akaweka kiganja juu ya tumbo. "Mbona mgumu hivi, mwanangu?"

"Wa kiume," akasema shangazi.

Bibi akatikisa kichwa, akaona maneno hayo yana maana, akamwombea dua ajifungue salama. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso, nafa kwa kicheko na kwa hofu. Niliingiza mkono chini ya buibui kama mtu anayemkanda mzazi, nikaurudisha waya mahali pake. Lakini nguvu nyingi ya utepe ilikuwa imekwisha kupotea tumboni mwa shangazi.

Stesheni ya Mombasa. Tulipanda gari la abiria, daraja la tatu, na hapo niseme kweli: nilikuwa nimekwisha kutengeneza magari mawili ya moshi kabla ya kupanda hata moja. Niliinama kutazama magurudumu, askari wa stesheni akanifokea kana kwamba nataka kuyaiba. Gari likaondoka. Lilitikisika, likapiga kelele, likatutia masizi machoni. Langu lina adabu zaidi. Tulivuka Makupa, maji huku na maji huku, na shangazi hajamaliza tambuu yake tukaambiwa tumefika.

"Kwa mwendo huu mfupi," akasema, "ndiyo wanaume wanavaa kofia?"

Changamwe. Nyumba za wafanyakazi wa reli zimepangwa mstari, zote sura moja, na nyuma yake ndiko kulikokuwa na ile reli. Wameifanya kwa mikanda ya chuma inayofungia makasha, wakaigongomea juu ya vijiti mfano wa mataruma, yale magogo yanayobeba reli kubwa. Inaanza kwenye sanduku la sukari lililoandikwa MOMBASA, inapita chini ya kamba za nguo, inazunguka nyuma ya choo, inaishia kwenye jiwe lililoandikwa VOI. Wanaume walikuwa wamechuchumaa kando yake, kila mmoja na gari lake mkononi, kama wanawake waliopanga foleni ya maji.

Salimu alipotuona, rangi ikamtoka.

"Shangazi! Mmefuata nini huku?"

"Tumekuja kumtazama mgonjwa. Ni wewe?"

Shangazi akaingiza mkono ndani ya buibui, akakitoa kile kichwa mbele za watu wote. Mtu mmoja akamwaga chai.

Wa kwanza kusema alikuwa Otieno, mchochea moto wa magari makubwa, mtu mrefu wa Kisumu. "Binti, jiko liko upande ule. Hiki mnachotembea nacho si chungu."

"Najua si chungu," akasema shangazi. "Chungu tusingekileta kwa watu wanaocheza na makopo."

"Huu si mchezo, mama!"

Aliyesema hivyo alikuwa Bwana Elia, mtu wa Rabai. Wiki nzima yeye hupokea na kupeleka magari ya kweli, na Jumapili hupokea na kupeleka ya makopo, kwa uso ule ule wa matanga. Wote humwita Bwana Stesheni. Alikuwa na bendera ya kijani kwapani na pete ya waya, ukubwa wa bangili, mkononi. Akamweleza shangazi, pole pole, kama mtu anayesomesha dini, kwamba katika reli kubwa dereva haondoki stesheni mpaka akabidhiwe pete ya njia. Pete ni moja, kwa hiyo gari njiani ni moja, na magari mawili hayawezi kukutana uso kwa uso. Na wao hapa wanafuata sheria ile ile. Ili tuone, akaitundika pete kwenye bomba la gari la Otieno, likaondoka, na Otieno akalifuata hadi Voi. Pete ikiisha kutundikwa kwenye bomba la gari hairudishwi mpaka gari lifike mwisho wa njia. Na gari likikwama katikati, haliguswi na mtu ila dereva wake, maana zamani Otieno alikiondoa kichwa cha mwenziwe kwa teke wakapigana.

"Na mwanamke?" akauliza shangazi.

"Hapana." Kisha, kwa kuwa alikuwa muungwana, akaniambia, "Haya, kiweke hapo kwenye reli tukitazame. Ukikiweka, ondoa mikono. Usikitie ufunguo. Kutazama tu."

Nikakiweka penye stesheni ya Mombasa, ambapo reli ni mbili ubavu kwa ubavu, nikaondoa mikono. Midomo ilikuwa mikavu kama bati.

Wakati huo gari la Otieno lilikuwa likirudi kutoka Voi. Bwana Elia alikuwa bado anamsomesha shangazi. "Si dharau, mama. Kazi ya njia inataka akili iliyotulia. Mwanamke, akili yake hurukaruka. Mkono unafanya hili na moyo uko kwingine." Gari la Otieno likaingia. Bwana Elia, bila kukatiza maneno, akainama, akaichukua pete kwenye bomba lake. "Dakika moja ya kusahau, watu wamekufa." Akaitundika ile pete kwenye bomba la gari lililokuwa mbele yake, akainua bendera ya kijani, akaipunga.

Gari lililokuwa mbele yake lilikuwa langu.

Bwana Elia akaitazama bendera, akaitazama pete, kama mwanamume aliyeamka akakuta ameoa.

"Ipokonye!" akasema Otieno.

"Haipokonywi," akasema Bwana Elia kwa sauti ndogo. "Imekabidhiwa."

"Mwanasha," akaninong'oneza shangazi, "unangoja nini?"

Nikachomoa waya. Kichwa changu kikatikisika, kikaondoka. Kilipita chini ya kamba za nguo, kikakata kona ambayo Salimu aliniambia huangusha wengi, na ukingo wa vifuniko vya rangi ya viatu ukashika reli barabara. Wanaume wote walikikimbilia, wengine wanatembea kwa magoti. Kilizunguka kikaingia nyuma ya choo, na hapo, palepale, kikasema krrr, kikasimama. Nguvu iliyobaki ilikuwa imekwisha. Nyingine tuliiacha kivukoni.

"Kiondoeni!" Otieno akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Bwana Elia akafoka. "Kina pete. Kinaguswa na dereva wake tu."

"Dereva wake ni nani?"

Wote wakamgeukia Salimu. Najua wengi walitaka akubali, mambo yaishe. Angekuwa amekiiba na hiki, mbele ya macho yangu, na mimi nisingeweza kufungua mdomo. Lakini kichwa kilikuwa kimekwama nyuma ya choo, na hakuna mtu aliyewahi kupewa filimbi kwa hilo. Kwa mara ya kwanza kaka yangu akaona faida ya kusema kweli.

"Si changu," akasema. "Ni cha dada."

"Na kile cha filimbi?" akauliza shangazi.

Salimu akatazama chini. Akaivua filimbi, akampa shangazi, na shangazi akaitia kifuani, mahali ambapo hakuna wa kuifuata.

Basi njia ikafungwa. Pete ilikuwa huko nyuma ya choo, na hakuna gari lingine lililoweza kuondoka. Wanaume wakakaa na magari yao yaliyotiwa ufunguo, Jumapili yao inapita. Nilitaka kwenda kukiondoa ili tuondoke, lakini shangazi akanishika kanga.

"Kaa kitako. Hakuna aliyemwita dereva."

"Binti," akasema Otieno, "hebu kitoe bwana, tuendelee."

"Binti hagusi gari," akajibu shangazi. "Si ndiyo sheria? Mimi mgeni, lakini nimefundishwa vizuri na Bwana Stesheni."

Tukaletewa chai na mke wa mmoja wao, ambaye alisimama mlangoni kwa furaha isiyofichika. Tukanywa. Jua likapanda. Mmoja akapendekeza watengeneze pete nyingine, na Bwana Elia akamtazama kana kwamba amependekeza wachome msikiti na kanisa kwa pamoja.

Mwishowe Bwana Elia akaenda ndani, akatoka amevaa kofia yake ya kazi. Akaja akasimama mbele yangu.

"Dereva," akasema.

Sikujibu. Si kiburi, sauti haikutoka. Lakini yeye alidhani ni kiburi, akaongeza:

"Dereva, tafadhali. Njia imezibwa."

"Abee," nikasema.

Nikainuka, nikaivuka reli yao kwa mguu wa kulia, na hakuna kilichoanguka. Nikakitia kichwa ufunguo mpaka mwisho, nikakiachilia, nikakifuata kwa miguu hadi Voi. Bwana Elia akaipokea pete kwa mikono miwili. Kisha akauliza, maana hakupenda kuacha jambo bila mpango, mahali pale gari lilipokwama paitweje, kwa kuwa hapakuwa na jina.

"Likoni," nikasema.

"Likoni hakuna reli!" akacheka Otieno.

"Sasa iko," akasema shangazi.

Wakaandika kwenye kipande cha bati, wakakigongomea kwenye ukuta wa choo. Kipo mpaka leo.

Kurudi, jioni. Kichwa tulikiacha katika banda lao pamoja na vingine, kwa sababu Bwana Elia alisema gari la njia hulala penye njia, na mimi sina ubishi na mtu anayeniita dereva. Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba mlango wa reli yao haukufunguliwa na gari langu lilipokwenda vizuri. Lingefika Voi moja kwa moja, wangesema ni bahati, wakatushukuru kwa kutembelea. Lilipowazibia njia ndipo walipolazimika kuniita. Tangu siku hiyo siogopi sana kukwama, mradi nikwame mahali panapomsumbua mtu.

Kivukoni tukamkuta yule bibi, kuku hayuko tena. Akalitazama tumbo la shangazi, bapa kama sinia, akashika mdomo.

"Umejifungua!"

"Alhamdulillahi. Changamwe."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Amebaki huko huko. Amepata kazi ya reli."

"Mashaallah," akasema bibi, bila kushangaa kama ilivyopasa. "Kumbe kweli ni wa kiume."

Shangazi akatema tambuu majini, akajifuta midomo.

"La," akasema. "Tumemtazama vizuri. Ni wa kike."