Ushuhuda wa Kache

Kumtafutia Kache dhambi kulikuwa kujichosha bure. Alizaliwa Rabai, katika nyumba ambayo hata babu yake alibatizwa akiwa mtoto. Akaolewa kwetu Ganda na Masha, mzee wa kanisa, na tangu aje hakuna aliyemwona akionja pombe ya mnazi wala kukaribia ngoma. Jirani akimtukana, alijibu, "Bwana akubariki," akafunga mlango. Watu wa namna hiyo huchosha kidogo, lakini tulimheshimu.

Shida yake ilikuwa siku za Alhamisi. Alasiri hiyo sisi tuliookoka tulikutana kanisani kushuhudia: unasimama, unaeleza Yesu alikutoa wapi, watu wanakuimbia na kukukumbatia. Kache akisimama alisema yaleyale, kwamba anamshukuru Mungu kwa kumlinda tangu utotoni. Tuliitikia "Amina" tukamngoja anayefuata.

Kisha, mwaka ule wa njaa tulipokula unga wa manjano, akaja Mueni. Alikuwa msichana wa Kikamba aliyekuwa akiuza pombe kwenye baa moja mjini Malindi, na watalii walimjua kwa jina. Aliposimama mara ya kwanza, akaeleza maisha ya kule na namna alivyookoka, kanisa zima lililia. Hata Masha alilia, yeye ambaye mamaye alipozikwa alikuwa akihimiza tu watu washike majembe! Kache alimwona mumewe akipangusa macho kwa ukosi wa shati, na roho ikamuuma vibaya. Alimwonea Mueni wivu wa kila kitu: sauti yake, machozi yake, hata dhambi zake. Yeye aliishi safi katika dunia hii chafu, na usafi wote huo haukumpatia hata wimbo mmoja.

Alhamisi iliyofuata Kache alisimama.

"Wapendwa, nimewaficha jambo. Nilipoolewa nilikwenda kwa mganga. Akanipa fingo, nikalifukia mlangoni petu, ili mume wangu asimtazame mwanamke mwingine."

Weee! Kanisa lilichemka. Watu walilia, wakamkumbatia, Mueni akiwa wa kwanza. Siku hiyo Kache aliimbiwa mpaka wimbo ukarudiwa, naye akatoka kanisani uso unang'aa.

Utamu huo uliishia nyumbani. Masha alisimama uani, akakataa kuvuka kizingiti.

"Mama Mapenzi," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "kumbe miaka yote hii nakanyaga dawa?"

Akaenda kula na kulala kwa nduguye.

Tena katika kutamani nyimbo, Kache alisahau jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Mlokole akitaja dawa ya mganga, haiachwi ardhini. Hufukuliwa, huombewa, kisha huchomwa moto. Asubuhi Mchungaji Baya alifika na jembe begani, kanisa zima nyuma yake.

"Tuonyeshe mahali, dada."

Kache akanyoosha kidole, popote tu. Tukachimba, hakuna kitu. "Labda upande huu," akasema. Tukachimba upande huo pia. Jua likapanda. Sakafu aliyoisiriba kwa mikono yake ikawa kama shamba la mihogo, na nguzo ya mlango ikaanza kuinama. Masha alisimama mbali, mikono kifuani.

"Chimbeni mpaka litoke," alisema. "Lisipotoka, mimi humo siingii tena."

Mueni aliweka jembe chini, akamsogelea Kache na kumnong'oneza. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Dada, mimi nimekaa na waongo wengi. Hapa hapana fingo, au sivyo?"

Kache alilitazama shimo, akamtazama mumewe. Ilibidi achague, apoteze jina au apoteze mume.

"Hakuna fingo!" alipaza sauti. "Mganga sijamwona hata kwa macho. Nilidanganya kwa ajili ya wivu. Nimemwonea wivu Mueni, nikamchukia, na kila mlipomwimbia nilitamani arudi baa!"

Katika maisha yake yote Kache hakuwahi kutoa ushuhuda mgumu kama ule. Ulimtoa jasho. Akasimama, akingoja.

Ndipo Mueni alipoketi juu ya rundo la udongo na kuanza kulia.

"Kumbe ni mimi niliyemkwaza dada yangu!"

Mchungaji Baya alitupa jembe akamkimbilia. Wanawake wakamzunguka wakimbembeleza, mmoja akaanzisha wimbo na wote wakaitikia. Masha naye akavuka kizingiti, akaingia ndani ya nyumba yake, akatoka na kata ya maji. Akampelekea Mueni.

Kache alibaki peke yake upande wa pili wa shimo, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Jamani," alisema, "aliyetubu ni mimi!"