Kitambaa Kwenye Gurudumu la Cherehani

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha kwenye kibanda cha bati. Si harufu kali. Ni nyepesi, yenye utamu fulani kama wa karanga zilizosahaulika juani, na kwetu ilichanganyika na moshi wa makaa, maharage yanayochemka na bati lililokuwa likipata joto tangu asubuhi. Tuliishi katika kambi ya polisi upande wa mashariki wa Kampala, ndani ya vibanda vya mviringo ambamo mtu akigeuka na sufuria mkononi lazima aombe njia. Baba alikuwa konstebo. Mama alishona sare za shule na kupunguza suruali za askari waliokonda. Cherehani ilikuwa karibu na mlango, kwa sababu ya mwanga, na mimi nililala miguu yangu ikiwa chini ya meza yake. Watu wa kambi walitoka kila upande wa nchi, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kile cha askari, kisichojali sana sarufi. Hiki ninachoandika nilijifunza baadaye.

Uhamisho ulikuwa na desturi yake kambini. Karatasi ikifika, habari ilitembea kabla mwenyewe hajamaliza kuisoma, na majirani walianza kuja mmoja mmoja wakijifanya wanaomba chumvi. Walikuwa wakitazama vyombo. Polisi hahami na kila kitu: lori ni moja, na mara nyingi familia mbili hugawana. Basi aliyetaka kitanda alisema, wakapatana bei, akatoa nusu, kisha akachana kipande cha nguo yake mwenyewe na kukifunga kwenye mguu wa kitanda kile. Tangu hapo kilikuwa chake, ingawa wenye nyumba waliendelea kukilalia mpaka siku ya lori, ndipo angemalizia nusu ya pili na kukibeba. Hakuna aliyeandika kitu. Niliwahi kumwona mwanaume mzima akikalia kiti chake mwenyewe kilichofungwa kitambaa cha jirani kwa adabu ya mgeni, ukingoni, kama aliyekaribishwa tu. Sisi watoto tulikatazwa kugusa yale mafundo. Ukifungua kitambaa cha mtu, tuliambiwa, ni kama umemvua nguo.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipohamishiwa kaskazini, wilaya ya kwao. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa, mvua zikinyesha alasiri na barabara nzima ikinuka kitunguu na senene wa kukaanga. Kule tulikokwenda hapakuwa na nyumba ya serikali. Tungejenga yetu, na mabati yangenunuliwa kwa kile ambacho mama angeuza. Alichokuwa nacho cha maana kilikuwa kimoja.

Mama Furaha alikuja kuitazama cherehani siku ya pili tu baada ya karatasi kufika. Alikuwa Mkongo kutoka Bukavu, aliyepanga chumba mtaa wa Bukoto na mabinti zake wawili, na kila wiki alipita kambini akiwa na vitenge begani. Kwao alikuwa fundi mwenye duka. Cherehani zake ziliachwa siku walipokimbia, na hapa Kampala alishona kwa kukodi cherehani ya mtu mwingine kwa saa, akinyanyuliwa kila mwenye nayo alipoihitaji. Alikaa kwenye kigoda cha mama, akaweka mguu kwenye kanyagio, akakanyaga taratibu bila uzi wala nguo, akiwa amefumba macho. Mama alimtania akamwuliza kama Wakongo wanatimiza ahadi. Mama Furaha alijibu bila kufumbua macho kwamba Wakongo wanadanganya wanaume tu.

Kisha akasimama, akachana ukingo wa kitenge alichovaa, cha kijani chenye ndege wa njano, akaufunga kwenye gurudumu la cherehani.

"Mama Aber, hii mashini ni yangu," alisema. "Usimupatie mutu mwingine."

"Mimi napatia nani? Wewe ndiyo nasema kwanza," mama akamjibu, wakacheka, na Mama Furaha akatoa nusu ya bei palepale.

Walikubaliana kwamba angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa maana lori lilitarajiwa wiki ile. Mwenyewe hakuwa na simu. Aliacha namba ya mwenye nyumba wake. Wiki zilizofuata alipita akiuza vitenge, na kila mara aliingia kuitazama cherehani yake na kumsimulia mama mipango. Wanawake wa kwaya ya kanisa lake walikuwa wamemkabidhi vitambaa awashonee gauni za Krismasi. Alivipokea kwa kutegemea gurudumu lile lenye kitambaa chake. Mama naye alimwonyesha mahali uzi unapopenda kukwama, na kwamba ikipiga kelele mtu asiilazimishe, aitie mafuta angoje. Alipoketi kushona sare za mwisho, mama alikisogeza kile kitambaa kando kwa kidole kimoja. Nadhani ulikuwa msimu wa furaha. Nasema nadhani kwa sababu nimeurudia sana kichwani, na kitu ukikishika sana rangi yake hutoka.

Lori lilikuja Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla. Dereva alikuwa na familia nyingine ndani tayari, na mkubwa fulani alikuwa amemwambia awe ametoka mjini kabla ya mchana. Mama alipiga simu ya mwenye nyumba wa Mama Furaha mara nyingi, ilikuwa imezimwa. Baba na wenzake walipakia magodoro, masufuria, mabeseni. Cherehani ilitolewa nje ikawekwa kwenye majani, na nafasi yake kwenye lori haikuwepo. Ndipo akaja mwanamke mwenye duka la vitambaa nje ya lango. Alikuwa amesikia. Akafungua fundo la leso yake akaonyesha bei nzima, taslimu, na juu yake nyongeza.

Watu walisimama kutazama. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kama Mama Aber atamlipa dereva kwa kitambaa, na wengine wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameshika ubao wa nyuma wa lori, jasho linamtoka, naye alizungumza kwa upole ambao ulinitisha kuliko kelele.

"Uza, mama. Ile nusu yake tutamtumia. Huyu mutu hayuko."

"Yuko," mama alisema. "Hii kitambaa ni yeye mwenyewe nasimama hapa."

Aliibeba cherehani pamoja na Mama Scovia, jirani yetu wa mlango kwa mlango, wakaiingiza kwenye kibanda cha Mama Scovia. Huyu ndiye aliyejifungulia mikononi mwa mama usiku ambao gari la hospitali halikufika. Mama alimwagiza mbele yangu: Jumamosi Mama Furaha atakuja, ampe cherehani, apokee nusu iliyobaki, atutumie kwa simu. Mama Scovia akaitikia, akanifuta pua kwa upindo wa gauni lake, akatupatia ndizi mbivu za njiani. Tukaondoka. Mwanamke wa duka alikuwa bado amesimama pale, akifunga tena fundo la leso yake.

Jumapili mama alipiga simu. Mama Scovia alisema Mama Furaha alikuja, akaichukua, tena kwa furaha akacheza nayo njiani watu wakamshangaa, ila ile nusu ameomba aimalize mwisho wa mwezi ujao. Mama alifurahi kusikia habari ya kucheza. Mwezi ujao ukafika, na simu ya Mama Scovia haikupatikana tena. Ile ya mwenye nyumba wa Bukoto iliita siku moja, mtu akapokea, akasikia Kiswahili, ambacho mjini kilikuwa lugha ya askari, akakata. Mabati hayakununuliwa. Tulikaa katika nyumba ya baba mdogo, kisha katika nyumba yetu ya nyasi iliyovuja upande niliolalia, na muhula mzima sikwenda shule kwa kuwa vilikosekana vitu ambavyo kila mtu aliviona vidogo. Mwanzoni mama alimtetea Mama Furaha: ni mkimbizi, ana watoto, Krismasi ni ghali. Mwaka wa pili akanyamaza. Mwaka wa tatu nilimsikia akimwambia baba, "Hata Mkongo wangu." Tangu hapo hakumwekea mtu kitu kwa ahadi. Alipouza kuku, mkono mmoja ulishika miguu ya kuku na mwingine ulinyooshwa kupokea pesa, na kuku hakuachwa mpaka pesa ziguse kiganja. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Hawakusema deni hilo hulipwa na nani.

Mwaka jana nilimaliza masomo Chuo Kikuu cha Kyambogo na kupanga chumba Bukoto, nikisubiri kazi ambayo bado naisubiri. Gauni la mahafali lilinipwaya, nikalipeleka kwa fundi aliyeketi barazani chini ya ghorofa moja jirani. Alikuwa mama wa makamo aliyefunga kitenge, miwani ikiwa imeshikizwa kwa uzi. Alinipima kiuno, akaniuliza nilijifunzia wapi Kiswahili cha askari. Nikamwambia kambini, nikaitaja kambi yenyewe. Akaendelea kubana pini. Kisha akaniambia kwamba katika kambi ile aliwahi kumjua mwanamke mmoja aliyemlia nusu ya bei ya cherehani. Mama Aber, alimwita. Alicheka naye wiki nyingi, halafu akapanda lori na cherehani.

Nilikuwa nimesimama mbele ya Mama Furaha na pini kiunoni, nisingeweza hata kukaa. Nikamwambia kwamba mimi ndiye Aber. Nikamweleza yote, kwa haraka na kwa kurudia, kama ninavyozungumza nikiogopa: lori la Alhamisi, mwanamke wa duka, baba, maneno ya mama, Mama Scovia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Naye akanieleza upande wake, bila hasira, kama mtu anayesimulia ugonjwa uliopona na kuacha kilema. Jumamosi ile alifika na mabinti zake, na nusu iliyobaki mkononi, na kijana wa toroli. Kibanda chetu kilikuwa kitupu. Mama Scovia alimwambia cherehani imekwenda na lori, akamwonyesha hata alama za matairi kwenye majani. Wanawake wa kwaya walivitaka vitambaa vyao. Baadhi alikuwa amekwisha kuvikata, na hivyo alivilipa mwaka mzima. Kanisa lile hakurudi tena.

Nilimwuliza kama ananiamini. Alivua miwani.

"Mwanangu, nikikusadiki leo, itanisaidia nini?"

Akavaa miwani, akamaliza kupunguza gauni. Alinitoza bei aliyomtoza kila mtu, nami sikujua kama hiyo ilikuwa msamaha au kinyume chake.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Mama Scovia ilimfikisha alikotaka. Hakuna ajuaye alipo. Vibanda vile vimebomolewa, na nilipokwenda kuuliza, askari wa langoni alikuwa mdogo kuliko mimi. Nimepanga na kupangua siku ile hadi usingizi umenikataa. Simu ingekuwa imewashwa. Lori lingechelewa siku mbili. Lakini ninalorudia zaidi ni lile ambalo sipendi kulifikiria: mama angevunja neno lake, akauza kwa mwanamke wa duka, angemrudishia Mama Furaha nusu yake, vitambaa vya kwaya vilivyokatwa vingelipwa kwa nusu hiyo, na sisi tungeezeka nyumba. Yeye alilishika neno, na likavunjika mikononi mwa mtu mwingine. Wanawake wawili waaminifu wakaishi miaka yote hiyo kila mmoja akimwita mwenzake mwizi, na aliyekuwa mwizi hasa wakimkumbuka kwa ndizi na kwa adabu.

Nilimpigia mama. Nilifikiri atalia, au atafurahi kwamba Mama Furaha hakumdhulumu. Badala yake akauliza, "Wale wa kwaya walivaa nini?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza. Mama akasema kuna mtu amefika, akakata. Hajalitaja tena jambo hilo, na juzi jirani yake alinieleza kwamba bado anawashika kuku miguu.

Mwezi uliopita niliuza kompyuta yangu ili nilipe kodi ya chumba. Niliweka picha kwenye kundi la simu, na msichana mmoja akaandika kwamba anaihitaji mno kwa masomo, ana pesa yote, atafika saa nane mchana, tafadhali nimwekee. Nikamjibu kwamba nitamwekea. Saa nne asubuhi akabisha hodi mwanaume mmoja, pesa mkononi. Nilisimama mlangoni nikifikiria mambo mengi, kama kawaida yangu, na nilipomaliza kufikiria kompyuta ilikuwa imekwenda. Nilimwandikia yule msichana ujumbe mrefu wa kuomba radhi, niliufuta na kuuandika upya mara kadhaa, nikijiandaa kutukanwa. Jibu lake lilikuja upesi, neno moja tu: "Poa." Hakuniita mwongo. Alikuwa amewaomba wauzaji wengine watatu wamwekee hivyohivyo, alinieleza baadaye, na hakumtegemea hata mmoja wetu.