Disketi ya Baba na Draivu ya Mtumba

Baba alipofariki, mama hakuniuliza habari za shamba wala za ng'ombe wawili waliobaki. Aliniuliza habari za disketi. Tulikuwa uani kwetu Misungwi, wageni wa msiba wameshapungua, akasogeza kigoda karibu yangu na kusema, "Baba yako alisema ameniandika humo. Nataka kusikia amesemaje." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, nipe wiki moja tu. Mimi na mdomo wangu!

Mtu asidhani ni jambo dogo. Baba alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, maisha yake yote akifundisha watoto kusoma Kiswahili, lakini kwa mama maneno yalikuwa haba. Akipenda mboga, alikuwa anaongeza ugali, na hiyo ndiyo sifa. Mama alizaa, alilima, alizeeka naye, hakuwahi kusikia hata "ahsante mke wangu" mbele ya watu. Sasa huyo mtu amemwandika. Ningekuwa mimi ningelala na hiyo disketi chini ya mto.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepunguzwa kazini, mashirika yalipokuwa yakipukuta watu, na kiinua mgongo changu nilikuwa nimekitia kwenye steshenari huko Mkolani. Chumba cha mbele mashine ya fotokopi, chumba cha nyuma kompyuta ya mtumba. Baba alikuja kukaa kwangu kwa ajili ya kliniki ya presha, akaiona ile kompyuta, akaipenda. Kila mchana aliketi nayo akiandika maisha yake kwa kidole kimoja, kila siku sehemu mpya. Akimaliza alikuwa anatoka na kuniambia, "Imepokea." Nami namjibu, "Vizuri, baba." Kuchapa kwenye karatasi nilimwambia tutachapa akimaliza yote, maana utepe wa wino wa printa ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Hakumaliza. Presha ilimwahi.

Niliporudi kutoka msibani nikaitia disketi kwenye kompyuta. Draivu, kile kisomeo cha disketi, ikakoroma kama mgonjwa wa pumu, mashine ikasema haioni kitu. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa kishindo tukiwa Misungwi, na draivu ikawa imekwenda na maji.

Nikaenda mjini kwa fundi redio mmoja aliyejigeuza fundi kompyuta. Akaniuzia draivu iliyotoka kwenye mashine ya ofisi fulani, akaapa kwamba haina shida hata kidogo. Nikaifunga mwenyewe. Taa yake ikawaka, ikawaka, haizimi, na hakuna kinachosomwa. Nilirudi kwake damu inachemka. "Umeniuzia taa ya Krismasi!" nikamwambia mbele ya wateja.

Akacheka hadi akashika meza. "Kaka, umechomeka waya kichwa chini. Geuza."

Nikageuza. Taa ikawa inazima inavyotakiwa, lakini sasa disketi moja inasoma, nyingine inakataa. Fundi akaja mwenyewe dukani, akaifungua, akazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akachovya spiriti na kufuta kile kichwa kidogo kinachosoma. Pamba ikatoka nyeusi. "Ona ugoro huu," akasema. Nikanyoosha mkono kuchukua disketi ya baba, akaupiga. "Ya marehemu haifanyiwi majaribio. Tuanze na zisizo na mwenyewe."

Tukachukua disketi mpya. Nikaandika jedwali la kuzidisha, tukahifadhi, tukazima mashine, tukawasha, tukasoma. Ipo. Tukaipeleka mjini kwenye mashine yake, nayo ikaisoma. Tukarudia kwa disketi ya pili na ya tatu, hadi mimi mwenyewe nikachoka kuwa na shaka. Ndipo akaniambia, "Haya, mlete mzee."

Draivu haikukoroma hata kidogo. Ikasoma vizuri na kuorodhesha kilichomo: faili moja. Nikaifungua. "Leo ni Jumatatu. Mvua imenyesha kidogo. Mimi ni mzima." Basi. Ni maneno aliyoandika siku ya kwanza, mimi nimesimama nyuma yake, na ni vidole vyangu vilivyoyahifadhi.

Nilimtukana fundi. Naona aibu kuyaandika niliyomwambia. Nilimwambia draivu yake imemla baba yangu. Fundi alikaa, akaipima disketi mwanzo hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Kaka, disketi ni nzima. Kingefutwa kitu, kingeacha alama. Hapa hakijafutwa kitu. Hakijawekwa."

Alipoondoka nikaanza kupekua meza. Kwenye droo nikakuta daftari la mistari, mwandiko wa baba ule wa ubaoni, kichwa cha habari kimepigiwa mstari: Hatua za Kompyuta. Washa. Subiri. Andika. Na hatua ya mwisho: "Mashine itauliza kama ihifadhi. Jibu ndiyo. Bonyeza N."

Mungu wangu. Mashine ilikuwa ya Kiingereza, inauliza na kukuonyesha herufi mbili, Y ya "yes" na N ya "no". Mimi nilimwambia tu, "Ikikuuliza, jibu ndiyo." Sikumwonyesha herufi. Naye, mwalimu wa Kiswahili, akatafuta herufi ya kwanza ya ndiyo. Akibonyeza N, mashine inayatupa maneno yote, skrini inabaki safi kama ubao uliofutwa. Naye anaona imepokea. Nililia pale mezani, mteja wa mbele anagonga kaunta, nikamwacha agonge.

Nilifikiria kumtungia mama. Kurasa mbili za maneno mazuri, nani angejua? Nikaziandika kweli, nikazikunja, nikaenda Misungwi nazo mfukoni. Nikamkuta ametandika mkeka, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja naye?"

Mkono haukuingia mfukoni. Nikakaa chini, nikamweleza yote, habari za herufi na za daftari. Mama hajui kusoma. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza polepole ili aelewe.

"Kwa hiyo yeye alisema ndiyo, sanduku likasikia hapana?"

"Ndiyo, mama."

"Siku moja?"

"Siku zote."

"Na mimi nilikuwa humo."

"Ulikuwamo, mama. Aliandika. Nilikuwa nasikia kidole chake."

Akaanza kukunja upindo wa kitenge, akaukunjua, akaukunja tena. Hakulia. Angelia ningepata pa kushika.

"Na wewe ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Chumba cha mbele, mama," nikamwambia. "Natoa fotokopi."