Bi Gundi Aenda Kusomea Kioo

Pale makumbusho walimwita Bi Gundi, na hakukasirika, maana jina lilikuwa la haki. Kwa miaka mingi alikuwa akiunga vyungu, mitungi na sahani za kaure zilizomfikia vipande vipande. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Mdomo wake, hapana. Nyumbani mumewe alinywea chai kikombe cha bati. Vikombe vya udongo vilikuwapo, ila kila alipokishika kimoja, mkewe alimkodolea macho kama mwenye duka anayemshuku mteja kuwa mwizi.

Siku moja rafu ya makumbusho ilianguka yenyewe, ikaenda na vyombo vyote vya kioo. Hakuna aliyejua kuunga kioo. Mkuu akamwita.

"Utaenda kozi."

"Umri huu, bosi? Mimi nina wajukuu!"

"Huko hawakatazi wajukuu. Nenda."

Mwalimu wa kozi alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, rika la kitindamimba wake. Alimwamkia kwa adabu, kisha akamkabidhi jagi jipya la kioo na nyundo.

"Somo la kwanza, mama. Livunje."

Bi Gundi akairudisha nyundo mezani. "Mwanangu, mimi nalipwa ili vitu visivunjike."

"Vunja tu. Utaliunga mwenyewe."

Akalifunga jagi kwa taulo, akaliomba radhi, akaligonga kama mtu anayebisha hodi ukweni. Wapi! Akagonga tena, safari hii kwa nguvu za kutwangia. Taulo lilipofunguliwa, lilikuwa limejaa chenga.

"Mama," mwalimu aliuliza, "ulikuwa na ugomvi na nani?"

Akapewa jingine, nalo likavunjika vizuri. Mwalimu akaeleza kwamba kioo hakiungwi kama chungu. Vipande vyote hupangwa kwanza vikavu na kushikizwa kwa utepe, ndipo gundi nyepesi hudondoshwa juu ya nyufa, ikajipenyeza yenyewe. Bi Gundi aliitikia kwa kichwa kama anayesikia habari za juzi. Mwalimu alipogeuka, akaanza kubandika kimoja kimoja kutoka chini, kama alivyozoea.

Mambo yakaenda vizuri mpaka kipande cha mwisho, cha shingoni. Kikakataa kuingia. Akakigeuza, akakipuliza, akakibembeleza. Gundi ya kila kiungo ilikuwa imekula nafasi kidogo kidogo, na sasa pengo lilikuwa limebana kwa unene wa unywele tu, lakini unywele huo ulitosha. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema itakuwaje mkuu huyo akiwa rika la kitindamimba wako.

Akaligeuzia jagi ukutani. Mwalimu akaja, akaligeuza.

"Mama, hili dirisha la nini?"

"La kupitisha hewa."

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akavuta kiti, akachukua pamba na dawa ya kulainishia gundi, wakaanza kulibandua jagi pamoja, kipande baada ya kipande. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu amkosoe Bi Gundi kazini. Aibu ilimchoma, halafu, kwa mshangao wake mwenyewe, akajikuta anafurahi.

Jioni akampigia mumewe. "Jagi limenishinda."

"Limevunjika?"

"Lilitakiwa kuvunjika."

"Mke wangu, hiyo kozi ni ya nini hasa?"

Kesho yake alitumia utepe bila ubishi. Tone la kwanza la gundi lilipogusa ufa, ufa ukalinywa, ukafifia machoni pake kama mstari uliofutwa. Bi Gundi akapiga kigelegele. Wenzake wakashtuka, mmoja nusura aangushe la kwake.

Alifaulu. Aliporudi kazini alianza na bakuli la kioo la buluu, lililopasuka vibaya kuliko vyombo vyote vya ile rafu. Lilimchukua miezi. Vipande viwili vilipogoma kukutana, hakuona haya kumpigia yule binti simu na kumuuliza, wala binti hakuona haya kumwambia, "Mama, umeharakisha. Bandua."

Akabandua.